Mstari Uliopita Moa

Risasi ya kwanza ilitoboa kioo cha mbele cha Land Cruiser. Ya pili ilimpita Hosea Shehoza kando ya sikio, akausikia mvumo wake.

Hakupunguza mwendo.

Mbele yake Probox nyeupe ilikuwa imeacha lami ya Pongwe na kuchepukia njia ya vumbi katikati ya mkonge. Ndani yake walikuwamo watu wawili. Muda mfupi uliopita walikuwa wameingia uani kwenye kituo kidogo cha sayansi wakiwa na madumu mawili ya petroli. Walimwagia petroli mlango, madirisha na nguzo ya antena. Kiberiti hawakuwahi kukiwasha. Hosea alifika getini, wakakimbilia gari.

Redio ya Motorola ikakoroma kwenye kiti cha pembeni.

"Nondo, unanipata?"

Nondo lilikuwa jina lake la kazi. Sauti ilikuwa ya Mkuu, kutoka Dar es Salaam.

"Nakupata, Mkuu. Nina wageni."

"Harusi imewahishwa. Ni leo alasiri."

"Tulisema Jumamosi."

"Ni leo. Bibi harusi yuleyule. Ukumbi bado hatuujui."

Harusi ilikuwa shambulio. Bibi harusi yalikuwa matangi ya mafuta kando ya bandari ya Tanga, na mtaa mzima uliokaa nyuma ya matangi hayo. Ukumbi ni mahali zitakaporushwa droni, ambazo watu wa Idara ya Usalama walikuwa wakizitafuta mwezi wa pili huo, kutoka mpakani hadi Pangani, wasione hata parafujo.

"Nimekusikia," alisema Hosea.

Akatoa mkono wa kulia dirishani. Glock 19 ikabweka mara tatu.

Tairi la nyuma la Probox likapasuka. Gari likayumba, likapanda tuta, likajipindua juu ya mkonge, matairi juu. Kisha kimya. Kilichosikika ni injini ikitoa mvuke.

Hosea akateremka, akasogea taratibu. Dereva alikuwa amevunjika shingo. Mwenzake alichomwa na miba ya mkonge usoni na kifuani, na alikuwa akivuta pumzi za mwisho.

"Zinarushiwa wapi?" aliuliza Hosea. "Sema, kaka. Wapi?"

Yule mtu akamtazama bila kumwona. Akafa.

Hawakuwa na simu wala kitambulisho. Hata lebo za mashati yao zilikuwa zimekatwa. Hosea alisimama juani, jasho likimtiririka mgongoni. Baba yake alishuka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge kwenye mashamba hayohayo. Lakini hakuwa na wakati wa kumkumbuka baba. Alibaki na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na mtu huyo alikuwa kule kituoni, peke yake, katikati ya harufu ya petroli.

*

Dokta Ghanima Mutasim alikuwa akimwaga maji mlangoni kwa ndoo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye umri wa kama miaka arobaini na mitano, buibui amelikunja hadi viwikoni. Watu wa Tanga waliujua ukoo wake. Babu zake walitoka Omani, wakawa na minazi na maduka, na kituo hiki kilijengwa kwenye kipande cha ardhi alichoachiwa na baba yake.

"Wamekufa?" aliuliza bila kugeuka.

"Wamekufa."

"Wote?"

"Wote wawili, Dokta."

Akaweka ndoo chini.

"Nililalamika serikalini mara tatu kwamba kuna mlio unaharibu kazi yangu," alisema. "Hakuna aliyenijibu. Sasa wananijia na petroli."

"Kuna mtu aliyesoma malalamiko yako akayapeleka kusikotakiwa," alisema Hosea. "Huyo atatafutwa. Mimi nimekuja kutaka habari za mlio huo."

Wakaingia ndani. Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi, kompyuta tatu na ramani kubwa ya pwani ukutani. Juu ya paa, antena ilikuwa ikigeuka taratibu kwa mota yake, ikiifuata sehemu tupu ya mbingu ya mchana.

"Ushawahi kupigwa picha ya mfupa hospitali?" aliuliza Ghanima. "Miale ile ndiyo eksirei. Na mbinguni ipo, lakini hewa yetu inaizuia, haitufikii. Ndiyo ikapelekwa darubini huko juu, nje ya hewa, inazunguka dunia. Kazi yake kutazama pahala palipokuwa giza jana, leo pamewaka. Panawaka saa chache, panazimika."

"Kinachowaka ni nini?"

"Inategemea. Huyu wangu ni shimo jeusi katikati ya galaksi ya mbali sana. Kuna kitu kinalizunguka, na kila kikikaribia hunyofolewa kipande, panalipuka. Mie namwita Mgeni. Anakuja, anaondoka. Darubini ikimwona haingoji. Inapiga kelele kwa redio muda uleule, ili darubini nyingine zote duniani zigeuke zimuwahi. Kelele yenyewe ni dhaifu mno ikifika huku chini. Kwa upande huu wa bahari, antena ya kuisikiliza ni hii."

"Na mlio unaifunika."

"Mara tatu Mgeni amewaka, mara tatu nimepata mkwaruzo mtupu."

Hosea akakaa kitako. Kichwani mambo yalianza kuungana. Waliokuwa wakiingiza zile droni walikuwa na mtambo wa kuvuruga mawasiliano. Siku ya shambulio wangeuwasha kwa nguvu zote, na rada ya bandari ingekuwa kipofu. Lakini kila walipoujaribu, hata kwa nguvu ndogo, mtambo ulivuja. Magari ya Idara ya kunasa mawimbi yalipita pwani nzima bila kuunasa mvujo huo. Antena iliyotengenezwa kusikia mnong'ono wa setilaiti iliusikia.

"Leo watautumia kupofusha rada ya bandari, wayalipue matangi ya mafuta kwa droni," alisema Hosea. "Kabla ya kuutumia, wataupasha moto. Unaweza kuniambia uko upande gani?"

Ghanima akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa sita.

"Naweza. Niishushe antena kutoka mbinguni, niizungushe kwenye upeo wa nchi. Consolata, msaidizi wangu, ana antena ndogo kule Ushongo, kusini ya hapa. Naye atazungusha yake. Mistari miwili ikikutana, ndipo pahala penyewe."

"Sasa?"

"Tatizo ni kwamba Mgeni anatarajiwa leo. Baina ya Adhuhuri na Alasiri. Darubini yenyewe itapita juu yetu wakati huo." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nikiishusha antena, simsikii. Na hesabu zangu zinasema anakaribia kwisha. Huenda asiwake tena."

Hosea angeweza kuamuru. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na karatasi ya kumruhusu kuamuru. Hakuitoa.

Ghanima akavuta kiti, akaandika kwenye kibodi. Juu ya paa mota ikaguna. Antena ikainama, ikatazama minazi na mabati ya nyumba za watu.

"Consolata," alisema kwenye simu, "shusha yako pia. Tafuta ule mlio. Nitakueleza baadaye, mwanangu."

*

Wakangoja.

Antena ilizunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Kwenye kompyuta mstari wa kijani ulilala bapa. Muadhini wa msikiti wa jirani akaadhini Adhuhuri, akamaliza. Hosea aliibadilisha magazini ya Glock, akaipangusa, akairudisha kiunoni. Alikuwa amekaa katika mavizio mengi maishani mwake, lakini hili la kumtazama mwanamke akipoteza kitu alichokingoja miaka lilimkera roho.

Saa saba na kitu, mstari wa kijani ukainuka.

"Huyo," alinong'ona Ghanima.

Ulikuwa mlima mdogo tu, lakini haukuanguka. Akairudisha antena kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka mlima ulipofika kileleni. Akasoma namba. Akachukua rula na kalamu ya wino mwekundu, akaenda kwenye ramani. Akaanzia Pongwe, akavuta mstari kwenda kaskazini, ukikata nyika, ukikata Mkinga, ukielekea baharini.

Kalamu ikasimama kabla ya kufika majini.

"Kuna nini?" aliuliza Hosea.

Ghanima aliishikilia kalamu palepale.

"Dokta. Kuna nini hapo?"

"Moa," alisema. "Hapa kuna shamba la minazi la marehemu baba. Lina ghala kubwa la mawe, la mbata, zile nazi kavu."

"Nani yuko hapo?"

"Himyar. Mdogo wangu." Alikuwa bado ameupa ukuta uso. "Mwaka jana alilipangisha ghala kwa wageni. Akaniambia wananunua mbata. Nami nikamwambia, siku hizi nani anakuja kutoka Ulaya kununua mbata Moa? Akanicheka."

Kiyoyozi kilinguruma. Hosea alijua mwanamke yule alikuwa na nafasi ya kusema namba nyingine yoyote, kuvuta mstari mwingine wowote.

"Huko bandarini wako watu wangapi?" aliuliza Ghanima.

"Mamia. Na mtaa wa nyuma, maelfu. Ni saa za watoto kutoka shule."

Akaumaliza mstari.

"Nyuzi ishirini na tisa," alisema. "Andika."

Simu ikaita. Consolata. Ghanima akaiweka spika.

"Dokta, nimeupata! Kwangu ni kumi na nne. Niendelee kuushikilia?"

"Ushikilie, mwanangu. Ahsante."

Mstari wa pili ukapanda kutoka Ushongo, ukavuka ghuba, ukaukuta wa kwanza palepale.

Hosea alikuwa tayari mlangoni.

"Nirudishie mdogo wangu," alisema Ghanima.

"Siwezi kuahidi, Bi Ghanima."

"Sikukuomba ahadi."

*

Barabara ya Horohoro ilikuwa tupu. Hosea aliikanyaga Land Cruiser mpaka usukani ukaanza kutetema.

"Mkuu, ukumbi nimeupata. Moa. Ghala la mbata, shamba la Mutasim. Nataka wanamaji."

"Boti mbili zinaondoka sasa hivi. Usiingie peke yako, Nondo. Narudia, usi..."

Redio ikakatika.

Akaigonga. Akajaribu simu. Hakuna mtandao. Akafungua redio ya gari, masafa yote yalikuwa mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati.

Mtambo ulikuwa umewashwa kikamilifu. Wanamaji wasingempata, na bandari ilikuwa kipofu tayari. Hizo droni zilikuwa zimebakiza dakika chache kuruka.

Alasiri hawakuingoja.

Duga akakata kulia. Njia ikawa mchanga. Alipoingia Moa, vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama kijiweni, kila mmoja ameinua simu juu akitafuta mtandao.

"Kaka, niazime pikipiki na hilo dumu," alimwambia wa kwanza.

"Nikuazime weye? Nani?"

Hosea akamtupia funguo za Land Cruiser. "Ile pale bondi. Nisiporudi ni yako."

Kijana akaitazama Land Cruiser, akamtazama yeye, akashuka kwenye Boxer yake bila neno.

Akaingia shambani kwa pikipiki, dumu la petroli limefungwa nyuma, shati limefunguliwa vifungo. Mlinzi mwenye AK-47 akatoka nyuma ya mnazi.

"We! Unakwenda wapi?"

"Petroli ya jenereta. Bosi ameagiza."

"Bosi gani?"

"Mie najua? Nimeambiwa nilete, nimeleta. Hutaki, narudi nayo."

Mlinzi akainama kufungua kifuniko anuse. Kiwiko cha Hosea kikamshukia nyuma ya shingo. Akaanguka juu ya makuti bila sauti.

Akamvuta kichakani, akazunguka nyuma ya ghala. Hapo kulikuwa na mtu.

Alikuwa amevaa kanzu na kofia, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anatapika. Hosea akamziba mdomo na kumkandamiza ukutani. Pua ileile. Macho yaleyale.

"Himyar Mutasim. Nikikuachia utapiga kelele?"

Akatikisa kichwa. Hosea akamwachia.

"Nani amewaonyesha hapa?" aliuliza Himyar.

Hosea alichungulia kona ya ghala.

Himyar akamtazama usoni. Kisha jambo la ajabu likatokea, akatabasamu, machozi yakimtoka.

"Ghanima," alisema. "Nilijua tu atanisikia. Tokea utotoni, mie nikificha kitu, huyu hukisikia."

"Ndani kuna nini?"

"Sita. Zenye mabawa. Waliniambia ni za kupimia mashamba. Asubuhi ya leo nimewaona wakizipakia baruti, ndipo nikauliza. Rasko, mkubwa wao, akanambia nikae kimya, jina langu liko kwenye kila karatasi." Akajifuta mdomo kwa upindo wa kanzu. "Mwaka mzima nimekula nao, ndugu yangu. Nikimbilie wapi?"

"Wako wangapi?"

"Rasko na fundi wake. Na mlinzi."

"Mlinzi amelala. Mlango wa upande wa bahari?"

"Una komeo la ndani. Zito."

Hosea alifikiri kwa pumzi moja. Mlango wa mbele ulikuwa mwembamba, mtu akiingia pale anapigwa kabla hajaona. Ule wa baharini ulikuwa mpana.

"Rudi ndani," alisema. "Fungua komeo hilo, kisha ulale chini palepale. Usisimame. Umenielewa?"

Himyar akaitikia kwa kichwa. Akajiweka sawa kofia, kama mtu anayekwenda kusalimia wakwe. Akaenda.

*

Komeo likalia.

Hosea akausukuma mlango kwa bega, akaingia ameinama, bastola mbele.

Aliyaona yote kwa mara moja. Reli sita za chuma zimeelekezwa kwenye bati lililofunguliwa la paa. Juu ya kila reli droni ya kijivu, mabawa marefu kuliko mtu, propela ya kwanza ikizunguka. Pembeni, mtambo wa kuvuruga mawasiliano, kabati la chuma lenye feni, nyaya zake nene zikienda kwenye jenereta la Honda. Fundi ameinamia kompyuta. Mbele yake kisanduku chenye taa nyekundu. Taa ilikuwa ikipepesa.

Na Rasko.

Himyar hakuwahi kulala chini. Rasko alikuwa amemwahi, amemkaba kwa mkono wa kushoto, amemweka mbele kama ngao. Mkono wa kulia ulishika bastola ya Makarov, mtutu wake shavuni mwa Himyar. Alikuwa mtu mwembamba, mweupe, mwenye nywele zilizonyolewa. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza vitabuni, kisafi kupita kiasi.

"Weka silaha chini," alisema. "Au huyu bwana atakufa."

"Fundi, ondoa mikono hapo," alisema Hosea.

Fundi hakuondoa.

"Sekunde kumi," alisema Rasko. "Zikiisha, zitaondoka zote. Wewe ni mtu wa akili. Weka chini, na huyu atarudi nyumbani kwao."

Taa ikaanza kupepesa haraka zaidi.

Jicho la kulia la Rasko lilionekana juu ya bega la Himyar. Jicho na kipande cha paji. Kwa umbali ule Hosea alikuwa ameshapiga vidogo zaidi ya hapo. Angeweza. Lakini ingemgharimu pumzi moja ya kulenga, na akigeukia kule, kisanduku kingemaliza hesabu yake.

Himyar alimtazama.

Hosea akapiga kisanduku.

Mara mbili. Taa ikazimika, cheche zikaruka, fundi akajitupa chini akipiga mayowe. Propela ya kwanza ikakohoa, ikasimama.

Ndani ya mlio wa risasi zake alisikia mlio mwingine, wa Makarov.

Akageuka. Himyar alikuwa akianguka, na nyuma yake Rasko alikuwa wazi kuanzia kichwa hadi kiuno.

Hosea akampiga paji la uso.

Kisha akasikia feni la mtambo tu, likizunguka, na bahari nje. Akaenda kwenye jenereta, akalizima. Feni likapunguza mwendo, likasimama.

Akapiga magoti. Kofia ilikuwa imemtoka Himyar. Hosea akamfumba macho.

*

Simu yake ililia kabla hajasimama. Mtandao ulikuwa umerudi.

"Hosea!" Hakuwahi kuisikia sauti ya Ghanima hivyo, ilikuwa ya msichana. "Mlio umekufa! Umenyamaza kabisa! Ulipopanda sana nilijua siwezi tena kukusaidia, nikairudisha antena juu. Na darubini ilikuwa bado inapita, bado inarudiarudia ujumbe. Nimeupata mwisho wake. Ni Mgeni. Amewaka, Hosea, amewaka mara kumi ya safari iliyopita, na nimeupata msafi, herufi kwa herufi. Nimeshautuma dunia nzima. Sasa hivi wanageuza..."

Hosea alikuwa ameishikilia simu sikioni.

"Hosea," alisema Ghanima. Sauti ilikuwa imezeeka. "Himyar yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Mpe simu."

Hosea aliiokota kofia, akaiweka kifuani mwa Himyar.

Upande wa pili mtu alivuta kiti, au aliangukia kiti. Simu haikukatwa. Walikaa hivyo, kila mtu akimsikiliza mwenzake akipumua, mpaka boti za wanamaji zilipoonekana dirishani.

Wanamaji walipokwisha kutoa taarifa, Mkuu naye akapiga simu.

"Kazi nzuri, Nondo. Droni zote sita?"

"Zote. Fundi yuko hai. Atasema nani aliwalipa."

"Vizuri. Maiti zote zije Dar. Hakuna anayeziona, hakuna anayeuliza. Zote, pamoja na huyo mwenye shamba."

"Huyo ana mama yake Ngamiani, Mkuu."

"Huyo ni msaliti wa nchi."

"Ndiye aliyenifungulia mlango."

"Nimetoa amri."

"Nimeisikia," alisema Hosea. Akaizima simu, akaitia mfukoni.

Akamfunga Himyar kwenye shuka safi aliyoipata kwenye chumba cha msimamizi. Mwanamaji mmoja alitaka kuuliza, akaona uso wake, akamsaidia kubeba. Kijana wa bodaboda alikuwa bado amekaa ndani ya Land Cruiser, mikono kwenye usukani. Alipoona kilichobebwa alishuka haraka, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akasimama kando ameinamisha kichwa.

Hosea akaendesha taratibu. Kila penye matuta alisimama kabisa kabla ya kupanda.

*

Barabara ya tisa, Ngamiani mjini Tanga, watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Habari hutembea. Ghanima alikuwa kizingitini. Wanaume walimchukua Himyar kutoka garini, wakampitisha ndani akaoshwe azikwe kabla jua halijazama.

Ghanima alisubiri mpaka wakapita.

"Ungeweza kumpiga yule mtu kwanza?" aliuliza.

"Ningeweza."

Akalipokea neno hilo bila kupepesa.

"Alijua ni mie?"

"Alijua."

"Akasemaje?"

"Alisema alijua tu utamsikia. Tokea utotoni, alisema, akificha kitu wewe hukisikia. Hakukasirika. Alikuwa anatabasamu. Kisha akaenda akanifungulia mlango, mimi ndiye niliyemtuma."

Ghanima alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali hesabu aliyoirudia na kuikuta ni ileile, kisha akageuka akaingia kwa wanawake wenzake.

Hosea alikuwa akielekea gari alipoitwa.

Ilikuwa sauti ya mtu mzima. Barazani, juu ya mkeka, alikaa Bi Azza, mama yao, kanga imefunika kichwa, macho yameshaingia ukungu wa uzee. Alikuwa amenyoosha mkono hewani.

Hosea akarudi, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia wataka kuondoka. Weye ndiye uliyemleta Himyar wangu?"

"Ndiye mimi, mama."

Bi Azza akamshika mkono, ule wa kulia, akaufunika kwa yake miwili.

"Wengine watoto wao hawaonekani tena," alisema. "Mimi wangu umenirudishia, nimemgusa uso. Mungu akulipe, mwanangu. Mungu akulipe kwa yote uliyomtendea."

Hosea alifungua mdomo aitikie amina, isimtoke.

Alibaki ameinama mpaka mama alipomwachia mkono mwenyewe. Akasimama, akafunga vifungo vya shati kuficha bastola, akapita katikati ya waombolezaji. Walimpisha. Akaingia garini, akafunga mlango bila kuubamiza, akaliwasha, akaifuata barabara ya tisa hadi mwisho bila kutazama nyuma.